Soma jedwali hadi safu ya mwisho: Pointi 4 zilizoipa Cleveland ubingwa zilitoka wapi?

HEBU tuanze na mtihani mdogo. Google iache kwanza.

Mchezaji wa kwanza: pointi 32, ribaundi 15, asisti 9. Alitupa mara 15, mpira ukaingia mara 11. Mitupo ya pointi tatu alijaribu 8, akafunga 6.

Mchezaji wa pili: pointi 9 basi. Alitupa mara 9, mpira ukaingia mara 3. Mitupo ya pointi tatu alijaribu 3, zote zikagonga chuma.

Hawa wawili walikuwa kwenye mechi moja, timu tofauti. Sasa niambie, ni nani alienda nyumbani na ubingwa?

Kama umesema wa kwanza, usijione mjinga. Hata mimi ningesema hivyo. Lakini wa kwanza ni Draymond Green wa Golden State Warriors, na usiku huo alitoka uwanjani bila kombe. Wa pili ni Kevin Love wa Cleveland Cavaliers. Yeye ndiye alivishwa kofia ya ubingwa.

Mechi yenyewe ni ya saba ya fainali za NBA, Juni 19, 2016, mjini Oakland. Cavaliers 93, Warriors 89. Huku kwetu ilikuwa tayari Jumatatu ya tarehe 20, saa tisa usiku. Kama ulikesha, bila shaka unakumbuka jinsi ulivyosinzia kwenye matatu asubuhi hiyo. Kama ulilala, ulifanya tunachofanya wengi: uliamka, ukafungua simu, ukaangalia matokeo, ukaangalia nani alifunga pointi nyingi, ukafunga simu. Halafu ukaenda kubishana na marafiki kama mtu aliyetazama dakika zote 48.

Shida iko hapo. Jedwali la takwimu za mechi ya vikapu lina safu zaidi ya kumi, na sisi husoma moja tu. Leo nataka tulisome jedwali la usiku ule pamoja, taratibu, hadi mwisho. Ukimaliza, utajua pointi 4 za ushindi zilitoka wapi, na sidhani utaangalia tena mechi yoyote, hata ile ya mtaani kwenu, kama zamani.

Kwanza, namba za kabla ya mechi

Msimu huo Warriors walikuwa moto wa kuotea mbali. Msimu wa kawaida walishinda mechi 73 wakapoteza 9, wakaipiku rekodi ya Chicago Bulls ya 72-10 iliyokuwa imedumu tangu 1996. Steph Curry alifunga mitupo 402 ya pointi tatu, na akatawazwa mchezaji bora kwa kura zote bila hata moja kupotea. Hakuna mwingine aliyekuwa amewahi kupata hivyo.

Kwenye fainali wakaongoza kwa mechi 3-1. Kabla ya hapo, timu 32 zilikuwa zimejikuta nyuma 3-1 kwenye fainali za NBA. Unajua ngapi zilitoka humo na kombe? Sufuri.

Sasa fikiria wewe ni mtu wa kubeti. Una 73-9, una 3-1, una historia ya 32 kwa sufuri. Nauli ya wiki nzima ungeiweka wapi? Ungeiweka kwa Warriors na ungelala fofofo. Na ungeamka ukitembea kwa miguu hadi tao.

Lakini kulikuwa na namba nyingine ambayo watu wachache waliijumlisha. Warriors walishinda mechi zao tatu 104-89, 110-77 na 108-97. Cavaliers wakashinda zao 120-90, 112-97 na 115-101. Jumlisha zote sita. Warriors: pointi 610. Cavaliers: pointi 610. Usiniamini, toa kikokotoo ufanye mwenyewe.

Yaani baada ya mechi sita, timu iliyoitwa bora kuliko zote na timu iliyodhaniwa imezikwa zilikuwa sawa kabisa. Na mechi ya saba nayo ikafika 89-89 zikiwa zimebaki dakika 4 na sekunde 39. Hapo kila timu ilikuwa na pointi 699 katika fainali nzima.

Pointi 4 zilitoka wapi?

Twende kwenye jedwali sasa. Safu iliyoandikwa FG huonyesha mitupo yote ya uwanjani, ya mbili na ya tatu, ukiacha mitupo huru. Warriors walitupa mara 83, wakafunga 32. Cavaliers walitupa mara 82, wakafunga 33. Karibu sawa, sivyo?

Lakini mtupo si mtupo tu. Safu ya 3P inasema Warriors walifunga mitupo 15 ya pointi tatu kati ya 41. Cavaliers walifunga 6 kati ya 25. Hiyo ni asilimia 24, mtupo mmoja kati ya minne.

Piga hesabu. Mitupo 32 ya Warriors mara mbili ni 64, ongeza 15 kwa zile tatu, unapata 79. Mitupo 33 ya Cavaliers mara mbili ni 66, ongeza 6, unapata 72. Kwa hivyo kwa mitupo ya uwanjani pekee, Warriors waliwashinda Cavaliers kwa pointi 7.

Soma hiyo tena. Timu iliyopoteza ubingwa ilifunga pointi 7 zaidi mchezo ukiendelea, saa ikikimbia na mabeki wakimwandama kila mtu.

Basi ubingwa ulitoka wapi? Angalia safu ya FT, ile ambayo wengi wetu huiruka kama masharti ya programu za simu. FT ni mitupo huru, ile ya baada ya faulo, umesimama peke yako kwenye mstari na kila mtu amenyamaza au anakuzomea. Cavaliers: 21 kati ya 25. Warriors: 10 kati ya 13.

Tofauti ni 11. Toa zile 7 walizozidiwa. Zinabaki 4.

Mechi iliisha kwa tofauti ya ngapi? Nne.

Hakuna anayeweka video ya mtupo huru kwenye status yake. Hakuna muziki, hakuna anayeruka, hakuna anayeanguka. Hata watazamaji huo ndio wakati wao wa kwenda kuchukua soda. Lakini jedwali linatuambia kwamba ubingwa wa kwanza wa Cleveland, katika mchezo wowote mkubwa wa Marekani, tangu 1964, ulipatikana kwenye mstari huo unaochosha.

"Waamuzi waliwapendelea!"

Najua kuna msee ashaanza kusema hivyo. Subiri. Jedwali lina jibu pia.

Mitupo 41 kati ya 83 ya Warriors ilitoka mbali. Hiyo ni karibu nusu. Cavaliers walitupa kutoka mbali mara 25 kati ya 82. Mitupo mingine 57 ilitoka ndani ya mstari wa pointi tatu. Ukisimama futi 24 kutoka kwa kikapu ukatupa, ni nadra mtu akuguse. Ukiinamisha kichwa ukaingia katikati ya miili ya watu wa kilo mia, utaguswa, tena sana.

Ndani ya mstari huo, Cavaliers walifunga 27 kati ya 57. Warriors walifunga 17 kati ya 42. Cavaliers hawakuwa na mkono mzuri wa mbali usiku huo, na walilijua hilo. Badala ya kung'ang'ana na mtupo unaokataa, wakaenda kutafuta pointi mahali ambapo ni pagumu na panauma.

Linganisha majina mawili makubwa. Curry alitupa mara 19 akafunga 6, na kati ya hizo za mbali alifunga 4 kati ya 14. LeBron James naye hakuwa na usiku wa raha: alitupa mara 24 akafunga 9. Ukiishia hapo utasema wote walichemsha, mjadala umefungwa.

Sasa sogea safu moja. Mitupo huru ya Curry usiku mzima: 1 kati ya 1. Mitupo huru ya LeBron: 8 kati ya 10. Mtu mmoja, pointi 8 kwenye mstari, wakati timu nzima ya Warriors ilipata 10. Ongeza ribaundi 11 na asisti 11 juu ya pointi zake 27. Kabla yake, waliowahi kufikisha tarakimu mbili katika safu tatu kwenye mechi ya saba ya fainali walikuwa wawili tu: Jerry West mwaka 1969 na James Worthy mwaka 1988.

Kwa hivyo mtu anaweza kukosa mitupo 15 na bado awe ndiye aliyeibeba timu. Mkono ukikukataa, kuna kazi nyingine tano uwanjani.

Na Curry na Klay Thompson, wale jamaa wawili tuliozoea kuwaona wakitupa kama wana rada? Kwa pamoja walifunga 6 kati ya 24 kutoka mbali. Wenzao wote waliobaki walifunga 9 kati ya 17, na 6 kati ya hizo ni za Green. Maze, usiku ule mpigaji hodari wa Warriors alikuwa yule ambaye kazi yake ya kawaida ni ulinzi. Lakini mpira uliendelea kwenda kwa wale wenye majina.

Safu ya mwisho kabisa

Sasa turudi kwa Kevin Love na pointi zake 9, kwa sababu bado nina deni lako.

Safu ya REB kwanza. Love alinyakua ribaundi 14. Timu yake ilikuwa na 48, Warriors 39. Kila ribaundi ni mpira uliookolewa: ama umemnyima mpinzani nafasi ya pili, ama umeipa timu yako moja. Timu inayokosa mitupo 19 kati ya 25 kutoka mbali haiwezi kuishi bila mtu wa kuokota makombo.

Kisha nenda hadi mwisho wa jedwali, kwenye safu yenye alama ya +/-. Hii ni rahisi kuliko inavyoonekana. Mchezaji akiingia uwanjani, tunaanza kuhesabu. Timu yake ikifunga, tunajumlisha. Timu pinzani ikifunga, tunatoa. Akienda benchi, tunasimamisha hesabu. Haijali nani alifunga. Inauliza tu: wewe ukiwa ndani, timu yako ilikuwa inapanda au inashuka?

Ya Love ilikuwa +19. Hakuna mtu wa timu yoyote aliyemfikia usiku huo.

Tafsiri yake ni hii: katika muda ambao Love alikuwa uwanjani, kama dakika 30, Cavaliers waliwazidi Warriors kwa pointi 19. Mechi nzima waliwazidi kwa 4. Maana yake, dakika ambazo Love alikaa benchi, Cavaliers walikuwa nyuma kwa 15. Mtu wa pointi 9!

Nikuonye kidogo hapa, usije ukakimbia na namba hii kama umepata hirizi. Alama ya +/- humhesabia mchezaji pia kazi ya wenzake wanne. Unaweza kusimama tu kwenye kona na LeBron akakupandishia namba. Ya mechi moja haitoshi kumfanya mtu bingwa wala kumfukuza. Lakini ikisimama kando ya ribaundi 14, si bahati tupu. Inakuambia urudi kwenye video uangalie huyo jamaa alikuwa anafanya nini wakati sote tulikuwa tunamtazama mwenye mpira.

Jedwali halina macho

Ukirudi kwenye video, utakutana na mambo ambayo hakuna safu inayoyabeba.

Zikiwa zimebaki kama dakika 1 na sekunde 50, bado 89-89, Andre Iguodala alitoka mbio kwenda kufunga kirahisi. LeBron akaja kutoka nyuma akaupiga mpira kwenye ubao. Umeona picha hiyo mara elfu. Kwenye jedwali ni BLK moja kati ya tatu alizopata, yenye uzito sawa na bloku ya dakika ya pili ya mechi. Na J.R. Smith, aliyemkaba Iguodala na kumlazimisha aubadilishe mtupo wake hewani kwa sehemu ya sekunde, ile sehemu ambayo LeBron aliihitaji? Jedwali halikumwandikia chochote. Hakuna safu ya "alimchelewesha".

Sekunde 53 kabla ya mwisho, Kyrie Irving akatupa tatu mbele ya uso wa Curry. Ikaingia, 92-89. Alimaliza na pointi 26, mitupo 10 kati ya 23. Kisha mpira ukaja upande wa pili, na kwa kubadilishana walinzi, aliyejikuta peke yake mbele ya Curry, mchezaji bora wa msimu, alikuwa nani? Kevin Love. Jamaa mrefu aliyekuwa akisemwa mwaka mzima kwamba miguu yake ni mizito kwa ulinzi. Curry akaenda kushoto, akarudi, akadanganya, akajaribu tena. Love akabaki naye. Curry akatupa, ikakosa.

Kwenye jedwali, hiyo imeandikwa kama mtupo mmoja wa Curry uliokosa. Kwa Love hakuna kitu, ila sehemu ndogo ndani ya ile +19.

Baadaye LeBron akachezewa faulo zikiwa zimebaki sekunde 10.6. Mkono ulimuuma baada ya kuanguka. Mtupo huru wa kwanza ukakosa, wa pili ukaingia. 93-89. Na ndiyo, mechi ilifungwa kwenye mstari ule ule. Warriors hawakuwa wamepata pointi hata moja tangu ile 89-89; walitupa mara 9 za mwisho bila mpira kuingia.

Na wewe je?

Usidhani haya ni ya Oakland pekee. Majedwali kama haya huandikwa kwa kila mechi ya ligi ya Afrika, BAL, ambako Nairobi City Thunder iliingia mwaka 2025 ikiwa timu ya kwanza ya Kenya kufika huko. Kocha ambaye hajawahi kukuona ukicheza anaweza kukufahamu kwanza kupitia safu hizo. Sasa kama wewe hujui kuzisoma, utajuaje anaona nini?

Na hata kama hutawahi kucheza zaidi ya kiwanja cha mtaa wenu, kile chenye ringi iliyopinda na nyavu zilizoisha, najua kuna jambo moja linatokea hapo kila Jumamosi. Wakati wa kuchagua timu, anayechaguliwa kwanza ni yule anayefunga. Anayechaguliwa mwisho ni yule anayekimbia kurudi nyuma, anayesimama mbele ya mtu mkubwa, anayepiga kelele "kushoto, kushoto!" Na huyo wa mwisho, baada ya miezi kadhaa ya kuchaguliwa mwisho, huacha kuja. Labda ni wewe. Labda ni rafiki yako ambaye hujamwona uwanjani tangu mwaka jana.

Jaribu hivi Jumamosi ijayo. Chukua daftari la mazoezi, lile la shilingi chache, na mtu mmoja anayepumzika nje. Chora safu nne: mitupo aliyotupa na aliyofunga, mitupo huru, ribaundi, na +/-. Mnacheza hadi 21? Andikeni michezo mitano, sita. Msitangaze chochote hadi mmalize. Kisha kaeni chini, someni kwa sauti.

Nakuhakikishia kutakuwa na kelele. Yule mnayemwita staa ataambiwa kwamba alitupa mara 20 ili apate vikapu 6. Na kuna mtu kimya hapo pembeni, mwenye vikapu viwili tu, ambaye timu yake haikuzidiwa hata mara moja akiwa ndani. Mwangalie uso wake namba hiyo ikisomwa.

Kisha, kabla hamjatawanyika, kila mmoja asimame kwenye mstari wa mitupo huru atupe mara 25. Cavaliers walifunga 21. Andika ya kwako, weka tarehe.